Mama Kitalu Anajibu: Vichaka vya matawi mekundu

Barua za mwezi huu zimeangukia karibu zote kwenye mmea mmoja: vile vichaka vya nchi za baridi ambavyo vikishapukutisha majani hubaki matawi matupu, mekundu, ya manjano au rangi ya chungwa. Jina lake la kitaalamu ni Cornus, nami nitatumia hilo hilo. Kabla ya kufungua kitalu changu hapa Tengeru niliishi Aarhus, Denmark, nikifanya kazi za mikono katika bustani za manispaa, na kila Machi ilikuwa zamu yetu kuvikata. Navipenda sana vichaka hivi. Ndiyo sababu nataka kila aliyeniandikia ajue ukweli wake kabla hajatoa hela.

*Shikamoo Mama Kitalu. Nina nyumba Njiro, ukuta wangu wa mbele ni mweupe na hauna kitu. Nimeona picha za Cornus zimesimama kwenye theluji, nikasema hicho ndicho ukuta wangu unachokosa. Kuna mtu mtandaoni anauza mbegu. Arusha si Dar, Juni na Julai tunavaa makoti. Je, vitakubali? Na kama mjini havikubali, nikipanda kwa shemeji yangu West Kilimanjaro?*
Msomaji, Njiro, Arusha

Marahaba mwanangu. Hela yako kaa nayo kwanza.

Kuota vinaweza kuota. Mche wa Cornus ukiuweka kwenye udongo wa Njiro na kuumwagilia, utatoa majani. Lakini wewe hukupenda majani, umependa lile gome jekundu, na hilo hapa hutalipata.

Cornus alba, ambayo ndiyo iliyo kwenye picha nyingi, asili yake ni Siberia, kaskazini mwa China na Korea. Ndugu yake, Cornus sericea, ni wa Amerika Kaskazini. Ni mimea inayovumilia nyuzi 30 chini ya sifuri na zaidi, na maisha yake yamepangwa kufuata majira ya huko. Stockholm, mwanga wa mchana mwezi Juni unapita saa 18. Desemba zinabaki saa 6 tu. Siku zinapoanza kufupika, mmea unajua kinachokuja. Usiku unapoa, majani yanaanguka, jua linapiga gome bila kizuizi, na hapo ndipo matawi machanga yanapotengeneza kwa wingi rangi iitwayo anthosayanini, jamii ileile ya rangi inayoifanya juisi ya rozela kuwa nyekundu.

Sisi Arusha tuko kama nyuzi 3 na nusu tu kusini mwa ikweta. Tofauti kati ya siku yetu ndefu kuliko zote na ile fupi kuliko zote haifiki nusu saa. Hakuna kinachouambia mmea kwamba wakati wa kuvua majani umefika. Baridi nayo ni ya saa chache: usiku wa Julai tunatafuta masweta, lakini mchana joto limesharudi. Cornus inataka wiki nyingi za baridi kali mfululizo ndipo vichipukizi vyake vilale na kuamka vizuri. Usipoipa, mwaka wa kwanza inakudanganya, halafu inaanza kuchanua majani upande mmoja na kukauka upande mwingine, na matawi yanabaki rangi ya kijani iliyochanganyika na kahawia. Aina nyingi za matofaa ya Ulaya hutusumbua huku kwa sababu hiyo hiyo.

West Kilimanjaro kuna baridi zaidi, ni kweli. Lakini hata ukipanda mlima kiasi gani, urefu wa siku haubadiliki. Moshi mjini, ambako ni chini na joto ni kali zaidi, usifikirie kabisa.

Kuhusu mbegu hizo: hata huko kwao aina zenye rangi nzuri, kama ‘Sibirica’ yenye matawi mekundu ya kung’aa, haziendelezwi kwa mbegu. Mbegu zake hazitoi miche inayofanana na mama kwa uhakika, na zenyewe zinahitaji kukaa kwenye baridi na unyevu kwa miezi kabla ya kuota. Anayekuuzia mbegu na kukuahidi matawi mekundu Njiro anakuuzia picha. Ukuta wako sijausahau, soma jibu la mwisho.

*Mwenzangu, binti yangu ameolewa Uswidi, wanakaa Malmö. Wamenunua nyumba yenye vichaka hivi kwenye uzio wote wa nyuma. Jirani amewaambia zamani vilikuwa vyekundu kweli kweli. Sasa vimepita urefu wa mtu, chini vimekuwa vya kijivu kama vimekufa, wekundu umebaki kwenye ncha tu. Mkwe wangu anataka kuving’oa apande kitu kingine. Binti ameniomba nikuulize kama kuna dawa.*
Mama wa Kiborloni, Moshi

Mwenzangu, mwambie mkwe wetu aweke jembe chini. Vichaka vyake ni vizima. Vimekosa mkasi tu.

Rangi ya Cornus ni ya tawi changa. Tawi la mwaka mmoja linawaka, la miaka miwili bado lina wekundu, likishazeeka gome linakuwa gumu na la kijivu na halirudi kuwa jekundu tena, hata ukiliwekea mbolea ya namna gani. Kwa hiyo mwenye kichaka kazi yake ni moja: kuondoa matawi ya zamani ili shina litoe mapya.

Wewe uko Kiborloni, sina haja ya kukueleza sana, maana umeona mibuni ikifufuliwa. Baba yangu kule Old Moshi alikuwa anakata mbuni mzee kwa msumeno, kama futi moja kutoka ardhini, wageni wakadhani ameuua. Mvua ikinyesha maotea yanatoka, anachagua mawili matatu yenye nguvu, mengine anayavunja. Nilipopewa msumeno Aarhus na kuonyeshwa safu ya Cornus sikuhitaji kufundishwa mara mbili. Tofauti ni kwamba kwenye Cornus maotea huyapunguzi. Unataka mengi, membamba, yaliyonyooka.

Wakati ni Machi, baridi ikiwa inaisha lakini vichipukizi havijafunguka. Wakikata Novemba, watakuwa wameitupa rangi kabla ya kuiona, na bustani itabaki tupu miezi yote ya giza. Wakisubiri hadi Mei, mmea umeshatumia akiba yake kutoa majani ambayo wao wanakuja kuyaondoa.

Kwa kichaka chenye afya na mizizi iliyoshika, wanaweza kukata matawi yote yabaki vidole vinne hivi kutoka kwenye kisiki. Inatisha kuangalia. Lakini kufikia mwisho wa kiangazi cha huko matawi mapya yatakuwa yamefika kiunoni au kifuani, na majani yakianguka watapata ule wekundu waliosimuliwa na jirani. Vyao lakini vimeachwa miaka mingi, na mimi ningewaonea huruma kidogo: mwaka huu wakate theluthi moja ya matawi, yale mazee na manene kuliko yote, hadi chini kabisa; mwakani theluthi nyingine; mwaka wa tatu wamalize. Hivyo uzio hautabaki uchi, ndege watakuwa na pa kujificha, na wao wenyewe watazoea. Baada ya hapo wachague: kukata vyote kila mwaka, au mwaka kwa mwaka kuondoa theluthi ya matawi makongwe. Wanaokata vyote hupata rangi kali zaidi, ila hukosa maua meupe na vile vitunda vyeupe ambavyo ndege huvipenda, kwa sababu maua hutoka kwenye matawi ya mwaka uliopita.

Mkasi wa kupogolea utatosha kwa matawi ya unene wa kidole. Manene yanahitaji msumeno mdogo, wasiyapasue kwa panga. Wakimaliza, waweke mboji au samadi iliyooza vizuri kuzunguka shina, juu yake matandazo, kwa sababu kutoa matawi mapya yote hayo ni kazi kubwa kwa mmea. Cornus inapenda udongo wenye unyevu, hata sehemu ya bondeni inayotuama maji kidogo haiisumbui. Jua nalo ni la lazima. Kama uzio huo umefunikwa na mti mkubwa, wekundu utakuwa hafifu hata wakikata kwa ustadi, na hapo ni mti wa kupunguzwa.

Mwambie pia binti achunguze matawi yaliyolala ardhini. Mara nyingi yameshatoa mizizi pale yalipogusa udongo, hasa kama ni Cornus sericea, ambayo hutambaa na kuvamia jirani. Anaweza kuyakata na jembe akayahamishia kwingine bure. Na matawi mekundu yaliyokatwa asiyatupe: achukue yenye unene wa penseli, ayakate urefu wa kama sentimita 25, achomeke ardhini theluthi mbili za urefu wake, upande wa chini uwe chini. Mengi yatashika. Kwa sababu hiyo hiyo asiyatumie mabichi kama vijiti vya kuegemezea maharage, yatamwotea katikati ya tuta. Nilikuwa nasuka matawi hayo vikapu vidogo vya kuwekea mayai, yakiwa bado mabichi yanapinda bila kuvunjika, na watu wa asili wa Amerika Kaskazini wamesukia vikapu matawi ya Cornus tangu zamani.

*Shikamoo mama. Mimi ni mzaliwa wa Majengo, Moshi, nasoma Glasgow. Nakaa ghorofa ya pili, nina kibaraza kidogo. Nimenunua Cornus inayoitwa ‘Midwinter Fire’, ipo kwenye chungu cha plastiki ilichokuja nacho. Mama yangu amenitumia gazeti lako kwa picha za simu. Nifanye nini isife?*
Mwanafunzi, Glasgow

Marahaba mwanangu, na pole na baridi. Umechagua inayonifurahisha kuliko zote: chini ni ya manjano, katikati ya chungwa, nchani nyekundu. Hii ni aina ya Cornus sanguinea ya Ulaya, na haina nguvu kama zile za Siberia. Usiikate mwaka huu wala mwakani. Iache ijijenge. Mwaka wa tatu, Machi, ondoa theluthi ya matawi mazee, usiikate yote mpaka chini kama utakavyosoma kwenye vibandiko vya dukani. Nimeona nyingi zilizokatwa hivyo zikiwa bado changa zikagoma kurudi.

Hicho chungu kidogo kibadilishe. Tafuta chenye upana wa sentimita 40 au zaidi, chenye matundu chini, na udongo uliochanganywa na mboji. Kiinue kidogo kwa vipande vya tofali maji yapite. Kiangazi utamwagilia karibu kila siku, maana chungu hukauka haraka na upepo wa ghorofani unanyonya. Wakati wa baridi punguza, ila kisikauke kabisa. Iweke upande unaopata jua la jioni, uangalie matawi jua likiwa nyuma yake. Na usiiingize ndani ukidhani unaihurumia. Baridi ndiyo inayoitaka.

*Mama Kitalu, dada yangu anarudi Krismasi kutoka Manchester. Nimemwomba aniletee pingili chache za Cornus kwenye begi, amezifunga gazeti bichi na mfuko. Nizipande vuli inapoisha au nisubiri masika?*
Msomaji, Usa River

Mdogo wangu, mwambie aziache huko huko.

Kuingiza mmea au kipande cha mmea nchini kunahitaji kibali kutoka Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, TPHPA, na cheti cha afya ya mimea kutoka nchi unakotoka. Makao makuu ya mamlaka hiyo yapo Ngaramtoni, daladala tu kutoka kwako, nenda ukaulize. Pingili inaonekana safi, lakini ndani ya gome kunaweza kuwa na kuvu, bakteria au mayai ya wadudu ambao huku hawana adui. Wakulima wa Kagera wanajua mnyauko wa migomba ulivyosafiri ndani ya miche iliyoonekana mizima. Wewe uko Usa River, katikati ya mashamba ya kahawa, maua na mboga ambayo maelfu ya watu wanakula kwayo. Mimi mwenye kitalu sipokei mmea wa begini, hata uletwe na ndugu yangu wa damu.

*Shikamoo. Mimi ni mpagazi, kwetu ni Marangu. Mgeni mmoja mtaalamu wa mimea alituambia njiani kwamba Cornus ipo kwenye msitu wa Kilimanjaro. Nimepita njia ile miaka mingi, sijawahi kuona vijiti vyekundu. Alikuwa anatutania?*
Msomaji, Marangu

Marahaba. Hakutania hata kidogo, na nimefurahi umeuliza. Ndugu wa vichaka hivi yupo kwenu. Anaitwa Cornus volkensii, na ndiye pekee wa ukoo wa Cornus aliye na asili yake Afrika, kwenye misitu ya milima ya mashariki mwa bara hili. Jina lake linamkumbuka Georg Volkens, Mjerumani aliyekaa huko kwenu Marangu akichunguza mimea ya mlima kati ya 1892 na 1894.

Hukumwona kwa sababu ulikuwa unatafuta kichaka chekundu, na huyu ni mti wa msituni wenye majani mwaka mzima na gome la kawaida. Miti dume iko peke yake na miti jike peke yake. Ukitaka kumtambua, tazama majani: yanatoka mawili mawili yakielekeana, na mishipa yake inapinda kwenda kwenye ncha badala ya kukimbilia ukingoni. Mimea ya ukoo huu ina alama nyingine nzuri. Okota jani lililoanguka lakini bado bichi, lichane taratibu kwa kulivuta pande mbili. Vipande viwili hubaki vimeshikana kwa nyuzi nyembamba sana nyeupe. Waonyeshe wageni wako. Mche usichukue, huo ni msitu wa hifadhi.

*Mama, mimi ni wa Sakina. Najua utasema Cornus haifai. Sasa tupande nini tupate matawi ya rangi, si maua? Nina eneo dogo mbele, jua kutwa nzima, na watoto wawili wadogo.*
Msomaji, Sakina, Arusha

Nakujibu pamoja na yule wa Njiro.

Cha kwanza kinachokuja akilini ni mnyaa, lakini si ule wa kijani tuliozoea kwenye nyua za vijijini. Ipo aina ya Euphorbia tirucalli ambayo vijiti vyake vichanga ni vya manjano na chungwa, na ikipata jua kali, ukame na usiku wa baridi, inaiva kuwa nyekundu. Kitaluni kwangu inawaka Juni hadi Agosti, wakati tunavaa makoti, na masika inafifia kuwa ya njano. Ndicho kitu kilicho karibu zaidi na ile picha ya mtu wa Njiro, na kwenye ukuta mweupe kinapendeza mno. Apande pingili zilizokaa kivulini siku kadhaa mpaka kidonda kikauke, kwenye udongo unaopitisha maji, changarawe nyingi, maji kidogo sana.

Wewe wa Sakina usiupande. Una watoto wadogo. Utomvu mweupe wa mnyaa unaunguza ngozi, na ukiingia jichoni unaweza kumfanya mtu asione kwa muda na kumlaza hospitali. Na yule wa Njiro akiupogoa avae glavu na miwani, asijishike usoni, aoshe mikono kwa sabuni. Ukiruka jichoni ni kusuuza kwa maji safi mengi kwa robo saa, kisha moja kwa moja kwa daktari.

Kwako ningeweka akalifa ya majani mekundu ya shaba. Ni majani, si matawi, najua, lakini inafuata sheria ileile: rangi iko kwenye machipukizi mapya na kwenye jua. Kila mvua zinapoanza ikate hadi magotini, weka samadi, ndani ya wiki chache inarudi imewaka. Kivulini inakuwa na rangi ya kuchoka.

Mianzi ya njano yenye mistari ya kijani inakupa shina lenye rangi kweli mwaka mzima, ila inakunywa maji na inanenepa. Kwa eneo dogo itakufukuza. Mwenye nafasi aipande mbali na msingi wa nyumba, na kila mwaka aondoe mianzi iliyopita miaka mitatu, kwa sababu nayo ikizeeka rangi inapauka.

Na kama kuna msomaji mwenye ekari nzima na sehemu yenye maji, namwomba apande mgunga wa gome la njano. Wamaasai wanauita olerai, na msitu wa Lerai kule kreta ya Ngorongoro umepewa jina lake. Gome lake ni la njano iliyochanganyika na kijani, lina unga laini ukiligusa, na linafanya kazi ya jani, linatengeneza chakula kwa mwanga wa jua. Mbegu zimwagie maji ya moto, ziache zilowe usiku kucha, asubuhi panda. Unakua haraka, una miiba mirefu meupe, unaweza kupita mita 20, kwa hiyo kiwanja cha mjini si mahali pake. Miche ninayo, na ya akalifa ipo. Ile minyaa mekundu naiuza kwa mtu mzima tu, baada ya kumweleza habari za utomvu uso kwa uso.